Maombi Niliyookota Menengai

Jumatatu, 3 Machi

Hatari! Wangeci amepita dukani nikibadilisha kioo cha simu ya mteja, akasema nyumbani kwao wananingoja Jumapili. Mamake anataka kuniona kabla ya kukubali chochote. Nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba mamake haulizi mali wala kabila. Atanipa niombee chakula, aone kama mimi na Mungu tunajuana.

Tunajuana! Tunasalimiana tu, Krismasi na kwenye mazishi. Nikamwambia hakuna shida, mimi huomba hata nikioga. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nampenda huyu msichana hadi naumwa. Nikimkosa kwa sababu ya kuombea kuku, sijui nitaishi vipi.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu mwenyewe. Magoti kando ya kitanda. "Ee Bwana." Nikakumbuka sijafua. Kipkemoi, ninayeishi naye, akaingia na kuuliza kama nimepoteza kitu chini ya kitanda. Nilipomweleza alicheka hadi akakaa.

"Boss, si uongee tu na Yeye vile unaongea na mimi?"

Ushauri wa mtu asiyetafuta mke. Mama Wangeci hataridhishwa na maneno ya kuongea na Kipkemoi.

Lakini nimepata wazo. Watu wazito wa maombi hupanda mlima Menengai, kule mapangoni, wakafunga na kuomba kwa sauti. Kwa sauti! Na kule hakuna mlango hata mmoja. Simu yangu inarekodi vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Menengai. Vumbi, baridi, njaa. Kila mtu amefunga, mimi nina chapati mfukoni. Harufu ikanisaliti. Mama mmoja alikemea pepo wa ulafi huku mkono wake ukinielekea. Nikahama.

Wengi wanapiga kelele tu, siwezi kuzitumia. Kisha, katika pango la pembeni, mwanamume. Sikumwona uso. Aliongea polepole, kama mtu aliyefika kwa rafiki na kuketi bila kukaribishwa. Baba, ni mimi tena, akasema. Alisema jicho lake la kushoto limezima kabisa. Kwamba juzi kwenye mteremko wa Sachangwan alikaribia kugonga trela ambayo hakuiona. Kwamba hajamwambia mama watoto kwa sababu atanyang'anywa usukani, na usukani ndio maisha yake. Akaomba apewe nguvu ya kusema. Kisha akalia.

Mimi pia nilikaribia kulia. Lakini simu niliishika imara.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekariri yote. Kipkemoi amesikiliza na hakucheka. "Hiyo iko na mwenyewe, boss. Wachana nayo." Nimemwambia maombi hayana mwenyewe.

Kuna tatizo. Nimeyashika kama wimbo. Nikikata sehemu ya jicho napotea, inabidi nianze upya. Mchana kutwa nimejaribu kuiruka. Nimefaulu mara moja. Inatosha.

Wangeci amepiga simu. Babake, ambaye sijawahi kumwona, atakuwepo pia. Anateremka na lori la viazi kutoka Molo. Vizuri sana. Mtu wa lori atajua nini kuhusu maombi?

Jumapili, 9 Machi

Nimeketi kuandika kabla hata ya kuvua viatu.

Mzee Muiruri, babake Wangeci, alinisalimia kwa sauti niliyowahi kuisikia mahali. Nikadhani ni redioni. Akageuka, akagonga kikombe kilichokuwa kushoto kwake, chai ikamwagika. Mama akamuuliza siku hizi ana haraka gani, kila siku anamwaga. Hata hapo sikushtuka! Mukimo wa viazi na mahindi ukaletwa, kuku akaletwa, mama akaniangalia, akasema Jamleck atuombee. Tukainamisha vichwa.

Baba, ni mimi tena, nikaanza. Utamu! Mama akaitikia chini chini, "Ee, Bwana." Wangeci akanigusa kiatu kwa kiatu chake. Kiatu hicho ndicho kilichoniua. Nikasahau mahali pa kuruka, na mdomo ukaenda wenyewe. Jicho la kushoto. Sachangwan. Trela. Sijamwambia mama watoto. Nilijisikia nikisema na sikuweza kujizuia. Nikaendelea hadi maneno yakaisha.

Nikafungua macho. Mzee alikuwa amegeuza kichwa chote ili anione. Mama aliangalia kikombe, halafu akamwangalia mumewe. Akainua mkono polepole hadi karibu na uso wa mzee, upande wa kushoto. Mzee hakupepesa jicho.

"Baba Wangeci, tangu lini?"

Akafunika uso, akalia vile vile alivyolia pangoni. Mama akachukua funguo za lori mezani, akazishika kifuani, kisha akamkumbatia nazo hapo hapo. Mukimo ukapoa.

Mzee alinitoa hadi mlangoni. Nilingoja kofi. Alisema ameomba miezi mingi apate nguvu ya kulisema hilo jambo, na sasa limesemwa, kwa hivyo hajui anishukuru ama anichape. Nikamsihi achague kushukuru. Akarudi ndani.

Langoni, macho ya Wangeci yalikuwa mekundu.

"Jamleck, kwa hayo maneno yote, yako ni gani?"

Nilifikiria kwa bidii. Nikamwambia ni Amina. Akanikumbusha kwamba hata hiyo sikuifikia. Nirudi, akasema, siku nikiwa na jambo langu mwenyewe la kumwambia Mungu. Akafunga lango.

Jumatatu, 10 Machi

Sikufungua duka. Nilipiga magoti tena, kwa kukata tamaa tu. Nikasema Bwana, ni mimi, Jamleck, nampenda Wangeci na ninaogopa sana. Machozi yakanitoka, sijui yalitoka wapi.

Kipkemoi alikuwa akichemsha chai. "Hiyo ndiyo yenyewe, boss. Endelea."

Nimemwambia asinivuruge. Hayo si maombi, ni malalamiko. Hayana hata mstari mmoja wa kukariri, na mbele ya Mama Wangeci ningeaibika. Alhamisi napanda tena Menengai, simu imejaa chaji. Safari hii nitachagua mtu mwenye afya njema, asiye na binti.