Nyati Dhidi ya Umeme: Matairi Mawili na Shemeji Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema! Mkuu wa chuo cha udereva, ambaye mji mzima unamwita Madamu, ameingia dukani kwangu mwenyewe kwa miguu yake. Kiangazi kimeanza, lami inachemka, na anataka matairi ya kiangazi kwa magari yake yote kumi na manne. Tena si mwaka huu tu. Kila mwaka! Nikamwambia asihangaike kuzunguka, tairi ni chapa Nyati, na Nyati ninayo mimi peke yangu. Nikalipiga teke moja ili aone uimara wake. Kidole gumba bado kinauma.

Akashukuru. Akatoka. Akavuka barabara, akaingia kwa Shemeji!

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Duka lake linatazamana na langu, ila lake lina vioo na feni. Anauza chapa Umeme. Hajawahi kushika spana maishani mwake, ni mtu wa dawati na kalamu, na bado wateja wanamfuata yeye. Kila mteja akitoka kwake, Shemeji ananipungia mkono. Ananipungia! Nami nampungia, meno nje, moyo unafuka moshi.

Mezani mke wangu hakupindisha maneno. Duka linakufa, alisema. Nikiikosa kazi ya chuo, nafunga duka na kwenda kufunga matairi kwa kaka yake. Kumbe walishazungumza! Shemeji keshashonesha na ovaroli, jina la duka lake limeandikwa mgongoni. Mke wangu akachukua futi ya kupimia nguo akanipima kiuno huku natafuna, aone kama itanienea.

Mimi nitembee mjini na jina la Shemeji mgongoni? Thubutu!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Madamu ametuita sote wawili ofisini kwake. Hataki maneno, anataka majaribio. Jumamosi asubuhi, kiwanja cha chuo, gari moja, dereva mmoja. Kwanza breki kwenye lami kavu, kisha breki kwenye lami iliyomwagiwa maji, kisha kelele ndani ya gari. Tairi litakaloshinda ndilo litakalonunuliwa, basi.

Dereva ni mwalimu wake mkongwe, Mwalimu Breki. Nikakohoa kidogo. Nikasema kwa adabu zote kwamba Mwalimu Breki na Shemeji walisoma darasa moja, tena dawati moja, na sisemi kitu ila nasema tu. Shemeji akacheka. Madamu hakucheka. Akasema basi majina yatafunikwa kwa utepe mweusi, na yeye mwenyewe atatia alama ya chaki: seti moja nyeupe, nyingine njano. Nani ni nani atajua yeye, kwenye karatasi ndani ya mkoba wake.

Nimeridhika sana na akili yangu. Njiani ndipo nikaanza kujiuliza: je, kama Umeme kweli ni bora kuliko Nyati?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Lazima nijue mapema. Mtu haendi vitani macho yamefumbwa. Nimeamua kufanya majaribio yangu mwenyewe, ya siri na ya kitaalamu.

Umeme nitaipata wapi? Aibu hii naiandika hapa tu: gari la mke wangu linatembelea Umeme. Alifungiwa na kaka yake mwezi uliopita, zawadi. Nikaliazima nikisema nakwenda kuliosha.

Barabara ya nyuma ya maghala haina mtu asubuhi. Nikachora mstari. Nikaja kwa kasi ya sitini, nikakanyaga breki mstarini, gari likasimama. Nikashuka kuhesabu. Hatua thelathini na moja.

Nikarudi dukani, nikafunga Nyati zote nne. Ndio kwanza nashusha jeki, mama mkwe huyo hapo! Amekuja na cherehani yake, ile ya zamani ya chuma kitupu, na majora mawili ya kitambaa. Anataka apelekwe kwa mteja wake. Mama mkwe ukimkatalia utalala wapi? Nikampakia yeye, nikapakia na cherehani. Mgongo ukalia.

Lakini mimi si mtu wa kupoteza wakati. Njia ya kwa mteja inapita maghala. Kasi sitini, mstari, breki! Cherehani ikagonga kiti. Mama mkwe akanitandika mkoba kisogoni mara tatu akiuliza kama nimetumwa na binti yake nimuue. Nikashuka kuhesabu hatua huku nikitazama nyuma, maana alikuwa bado ameushika ule mkoba. Thelathini na sita!

Mama yangu! Hatua tano zaidi! Nyati inashindwa, na inashindwa vibaya. Mama mkwe alisema kwamba huenda ni uzito wa cherehani na wake mwenyewe. Nikamjibu kwa upole kwamba, mama, haya ni mambo ya kitaalamu.

Sina raha. Jioni Shemeji alinipungia nikajifanya sikumwona.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepata dawa. Rahisi mpaka nacheka peke yangu.

Matairi yote manane yako kwenye stoo ya chuo, yameshajazwa upepo, yamevikwa utepe, yana chaki. Saa ya chakula cha mchana nikafika pale nimebeba kipimo cha upepo. Mtunza stoo alikuwa na mfupa mkononi. Nikamwambia nimekuja kukagua upepo wa matairi yangu. Akanionyesha mlango kwa ule mfupa, akaendelea kula.

Majina yamefunikwa, lakini mimi ni fundi wa miaka ishirini. Nyati naijua kwa mistari yake hata nikifungwa kitambaa machoni. Ilikuwa na chaki nyeupe. Umeme ilikuwa na njano. Nikapiga magoti. Kitambaa chenye maji, futa, futa, futa, kisha chaki mbili nilizokuja nazo mfukoni. Nyeupe ikawa njano, njano ikawa nyeupe. Dakika kumi!

Yaani kesho Umeme ya Shemeji itashinda kwa jina langu. Kazi nikishaipata, Madamu nitamletea Nyati na hatajua tofauti, maana nani huwa anachungulia matairi? Nimetoka nikapiga mluzi. Nikampungia Shemeji kabla yeye hajanipungia. Akashangaa!

Mke wangu amesema nina uso wa mtu aliyefanya jambo. Nikamwambia ni uso wa mshindi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika kwa shida.

Nilivaa suruali ya jana, maana imeniletea bahati. Mke wangu alikuja, na mama yake, na nusu ya mtaa. Shemeji alikuja na kiti chake cha kukunja na miwani ya jua. Mwalimu Breki akapasha injini.

Nyeupe ikaanza, lami kavu. Breki! Gari likaenda, likaenda, likasimama mbali kidogo. Nikajisemea ni Mwalimu tu, bado hajachangamka. Njano ikafungwa. Breki! Gari likasimama pale pale, mtu ungesema limeitwa jina. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mikono ikaishia hewani.

Kwani njano ni ipi?

Likaletwa pipa, maji yakamwagwa. Nyeupe ikateleza, ikaangusha koni mbili na kiti cha Shemeji, ambaye aliruka kwa wepesi nisioutegemea. Njano ikasimama na nafasi ikabaki ya kuegesha lori. Ikaja kelele. Madamu akaketi ndani na kikombe cha chai. Kwa nyeupe alishuka akijipangusa chai kifuani, na akasema hakusikia hata sauti yake mwenyewe. Kwa njano alishuka chai imeisha, ameinywa yote njiani.

Nilikuwa nimesimama kama mtu aliyeibiwa, kumbe mwizi ni yeye mwenyewe. Njano ilikuwa Nyati! Nyati yangu! Kila iliposimama, kifua kilivimba kwa fahari, halafu nakumbuka, kinanywea. Na mama mkwe pembeni akawa anawaeleza watu, kwa sauti, habari za cherehani.

Madamu akafungua mkoba, akasoma karatasi. Njano, mali ya Shemeji. Kelele! Shemeji akakumbatiwa. Mwalimu Breki akamwinua juu. Mke wangu alinitazama, na macho yake yalikuwa na huzuni ambayo sikuizoea. Ningezomewa ningevumilia. Yale macho sikuyaweza.

Nikapiga ukelele: bandueni utepe!

Nikasema tena, bandueni utepe wa njano! Mwalimu Breki akainama, akabandua. Neno likatoka waziwazi juani: NYATI. Wakabandua nyeupe: UMEME. Watu wakaguna. Nikapanua mikono. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilikuwa mfalme. Mke wangu alicheka kwa furaha, nakumbuka jino lake la pembeni lilivyoonekana.

Kisha Madamu akauliza, taratibu, nilijuaje.

Nikasema moyo uliniambia. Madamu akashusha macho mpaka kwenye magoti yangu. Nami nikashusha yangu. Goti la kulia njano, goti la kushoto nyeupe. Mtunza stoo, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema ndiyo huyu bwana, jana alikuja kukagua upepo.

Ningeomba ardhi ipasuke, ila ile ni lami.

Madamu akatoa hukumu. Ushindi ni wa Nyati, na magari yote kumi na manne yatafungwa Nyati. Lakini kazi yake yeye ni kufundisha watu kufuata alama, na mtu anayebadilisha alama hawezi kufanya naye biashara hata ya kofia. Akamgeukia Shemeji: je, anaweza kuagiza Nyati? Shemeji akasema anaweza kuagiza chochote. Kisha Shemeji akanigeukia mimi, kistaarabu kabisa, akaniomba namba ya simu ya msambazaji wangu.

Nikampa. Sijui kwa nini. Nikampa, na alipokosea tarakimu nikamsahihisha.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mke wangu alifagia uwanja mara mbili kabla ya saa nne. Nilijaribu kueleza. Nikasema kosa ni la mama yake na cherehani yake, kwani angekuja saa moja baadaye hesabu ingetoka sawa. Hilo halikusaidia.

Akaweka ufagio chini, akasema. Matairi yalikuwa yanashinda yenyewe, mume wangu. Wewe ulitakiwa kusimama tu, mikono mfukoni. Akasema pia kwamba ile ovaroli yeye alishaikataa. Alimwambia kaka yake aikate vitambaa vya kufutia vioo, kwa sababu mume wake atashinda. Alimwambia hivyo Ijumaa, mbele ya wateja. Alikuwa na uhakika.

Machozi yalinilenga. Nikatoka nje nikajifanya natazama upepo wa gari lake. Nililionea haya hata gari. Nilimuumiza mtu pekee aliyekuwa ananiamini, tena kwa kuwa mimi mwenyewe sikuiamini bidhaa yangu.

Nikarudi ndani nikamwapia: ujanja basi. Kuanzia leo, kazi ya mikono yangu na hakuna zaidi. Akanimiminia chai. Nadhani amenisamehe robo.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Wiki ya kwanza kwa Shemeji. Ovaroli haikukatwa; ni ndefu, nimeikunja miguuni mara tatu. Nimefunga Nyati kwenye magari tisa ya chuo, bado matano. Madamu alipita akakagua nati za magurudumu moja moja, akasema kazi safi. Shemeji naye alisema, kutoka dirishani, karibu na feni, kwamba kweli nina mikono.

Na leo habari kubwa! Shemeji anataka fundi mkuu. Fundi mkuu havai ovaroli, anavaa shati, tena halina maandishi popote. Tumebaki wawili: mimi, na fundi wake wa siku zote tunayemwita Kimbunga kwa sababu anatembea kama amebeba bakuli la mchuzi. Ijumaa tutashindana. Kila mmoja gari lake, matairi manne, atakayemaliza wa kwanza ndiye.

Mke wangu alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Akasema safari hii ni kazi tu, na kwa kazi hakuna wa kunigusa. Ni kweli. Mimi gari zima nalimaliza kwa dakika kumi na moja. Kimbunga dakika kumi na moja anatafuta jeki. Mafundi wote wanajua nitashinda, Shemeji anajua, Kimbunga mwenyewe amenipa pongezi mapema.

Nimemwambia mke wangu awe na amani, mume wake amebadilika. Nami nimelala chali najiuliza jambo moja dogo tu: je, kama siku hiyo akachangamka? Si vizuri kuiachia bahati. Spana yake anaiweka droo ya chini, kushoto, na ile droo haina kufuli.