Kikosi cha Majembe cha Nyumba ya Mwanamvua

Jumatatu, 6 Juni 1983

Balaa! Bi Sikudhani, mfadhili wetu wa Kariakoo, haleti tena kitu. Kasikia walanguzi wanasakwa, akapagawa, akamwaga sukari yote chooni. Sukari yetu!

Nyumba hii ya Kisarawe ni ya Mwanamvua na mpenzi wake Siwema. Kwenye ofisi ya serikali wanajulikana kama mabinamu. Sisi wanaume tunaopenda wanaume, na wanawake wa namna yao, tukifukuzwa makwetu tunapata hapa kitanda, chai, na Siwema wa kumlilia. Mimi, Saburi, ndiye Katibu. Nilijichagua mwenyewe. Hakuna aliyepinga kwa sauti.

Mwanamvua kasema wazi: Ramadhani ikiingia hatuna chakula, anafunga chumba cha uani, na Adamu, aliyekuja mwisho, atarudi kwao Magindu. Kaka zake wameshamtafutia mke huko. Adamu aliendelea kushona kifungo cha shati langu. Roho iliniuma. Nampenda yule bwana, basi tu sijamwambia.

Jumanne, 7 Juni

Nimeitisha kikao cha kubana matumizi. Chai mara moja kwa siku. Anayetaka kulia kwa Siwema alie huku anapeta mchele. Mwinyimadi, mpiga ngoma wetu, akauliza kama kiti cha Katibu nacho kitapunguzwa. Mshenzi!

Akakumbusha kwamba Jumamosi Bi Mwanakheri anamtoa mwali wake, na ametuita kupamba na kupiga ngoma, kama siku zote. Ndani kwa mwali mwanaume hatii mguu, ila sisi. Malipo ni gunia la mchele na mbuzi. Nikamjibu kuwa gunia huisha. Katibu anatazama mbali.

Jumatano, 8 Juni

Nimepata akili! Serikali inataka kila mtu afanye kazi, na vikosi vya kilimo hupewa unga na sukari mwanzo. Nimekwenda kwa bwana shamba, nikamwambia nina vidume wenye nguvu za ajabu. Akasema kesho atawaona.

Jioni mazoezi. Marufuku wanja, marufuku kanga kiunoni, marufuku kuitana shoga. Sauti nzito tu. Mwinyimadi alijaribu sauti nzito, akakohoa mpaka Isha.

Alhamisi, 9 Juni

Tumepita sokoni na majembe begani, mimi mbele nikiimba. Raha iliyoje! Bwana shamba kafurahi, katuandikisha, kasema unga tutaupata baada ya mavuno.

Baada ya mavuno! Muhogo wenyewe haujapandwa!

Kumbe Bi Mwanakheri naye alikuwa sokoni. Katuma mtu alasiri: hawezi kuingiza madume yanayonuka jasho la shamba ndani kwa mwali wake, mumewe atasema nini? Kazi imekwenda. Mchele umekwenda. Mbuzi kaenda.

Nilimkuta Adamu anakunja nguo. Nikamwambia ni kikwazo kidogo tu. Akaniuliza kama nina mfuko wa kumwazima. Nikasema sina. Ninao, uko chini ya kitanda changu.

Ijumaa, 10 Juni

Mwinyimadi, bila kibali cha Katibu, kajifunga kanga, kajipaka wanja, kamchukua Adamu, kaenda kwa Bi Mwanakheri. Nikawafuata ili niwasaidie. Wakaniambia nibaki nje ya ua.

Nilisikia yote. Mwinyimadi akapiga magoti, shikamoo mama, akaapa kwamba yale majembe ni wazimu wa Saburi peke yake. Akamwonyesha viganja vilivyochubuka kwa kubeba jembe tu, hata kulima bado. Bi Mwanakheri akacheka mpaka akakaa chini. Kazi imerudi! Ila kasema yule aliyekuwa mbele akiimba asije, maana ni mwanaume kabisa.

Mimi! Nimewafundisha wote, nimefaulu peke yangu.

Jumamosi, 11 Juni

Wenzangu wametoka na ngoma zao tangu asubuhi. Bwana shamba naye akafika kuchukua kikosi chake. Kikosi kilikuwa mimi.

Nimelima kutwa. Vigelegele vya kwa Bi Mwanakheri vilinifikia mpaka shambani. Mgongo wangu, jamani!

Jioni nikamwona Adamu anakuja na sahani ya pilau, nyama juu. Akaketi karibu yangu kwenye matuta. Akasema Mwanamvua hafungi chumba tena. Akasema juzi alishindwa kuondoka kwa sababu hakujua aniage vipi.

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema pilau imepungua chumvi. Mjinga mimi! Adamu akacheka, akanishika mkono uliojaa malengelenge, na hakuuachia mpaka giza likaingia. Nina furaha hadi naona aibu kuandika.

Jumapili, 12 Juni

Mchele umejaa stoo. Nyumba nzima inamsifu Mwinyimadi. Hawaoni kwamba kama mimi nisingeipoteza kazi, yeye angeirudisha vipi?

Hata hivyo gunia huisha. Nimesikia mabondia hupewa mayai, maziwa na sukari bila kungoja mavuno. Asubuhi na mapema nitakuwa ofisi ya michezo. Adamu ana mabega mazuri, nimeshamwandika uzito wa juu.

Yeye mwenyewe sijamwambia. Yupo hapa pembeni, ananishonea kifungo kingine.