Dokta wa Madoa

Sukari hakuwa na kazi, ila alikuwa na suti. Ilikuwa imechakaa viwikoni, lakini ukiitazama kwa mbali, na mwenyewe akitembea kama mtu anayesubiriwa mahali, ungemwita bosi. Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza mtaa wa magereji, tumbo likinguruma, alipomwona Mama Gereji mlangoni kwake, mikono kiunoni, akiitazama sakafu kama anayetazama msiba. Oili ilikuwa imemwagika pale miaka nenda miaka rudi, hadi saruji ikawa nyeusi tii.

"Wageni wanakuja mchana," alikuwa akimwambia shemeji yake, fundi mnene aliyetafuta pa kujificha. "Wanatafuta gereji ya kutengeneza magari yote ya kampuni yao. Wakiona uchafu huu, tutaiweka wapi sura?"

Sukari alisikia "kampuni", masikio yakasimama.

"Shikamoo, mama. Naona Mungu kanileta kwa wakati. Mimi ni Dokta wa Madoa."

"Wa nini?"

"Madoa. Wenzangu wanatibu watu, mimi natibu sakafu." Akatoa mfukoni kifuko cha unga wa buluu. "Hii imetoka ng'ambo. Huko hata ndege ikivuja oili uwanjani, wanamwaga hii, basi."

Tusimvunjie heshima: dawa aliitengeneza kwa mkono wake. Ilikuwa sabuni ya unga, magadi, na machujo ya mbao aliyookota nyuma ya karakana ya seremala, vyote vikatiwa buluu ya kufulia ili vionekane vimesoma. Kama vinasafisha, hakujua wala hakujali. Mpango wake ulikuwa kupokea malipo na kuyeyuka.

"Jaribu hapo mlangoni," alisema Mama Gereji. "Nikiona, nalipa."

Basi akapiga magoti. Akanyunyiza unga, akauacha unywe oili, akamwagia maji ya moto, akasugua. Doa likatoka.

Hakuna aliyeshtuka kama Sukari. Aliitazama saruji ya kijivu, akaitazama brashi, akarudi kwenye saruji. Tangu aanze utapeli hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi. Alihisi kama yeye ndiye aliyeibiwa.

"Sakafu nzima!" shemeji akapiga kelele.

Kifuko kilikuwa kimekwisha, lakini tamaa ya Sukari ndiyo kwanza inaanza. Akaomba chumba cha kuchanganyia dawa, mlango ufungwe, maana macho ya watu huipunguza nguvu. Wakampa jiko la nyuma ya gereji. Humo akakomba sabuni ya Mama Gereji, akakomba magadi yake, akazoa na majivu ya jikoni. Akatoka na beseni limejaa.

"Mbona hii si ya buluu?"

"Hii ndiyo yenyewe, mama. Ile ya buluu ni ya wanaoanza."

Akasugua mpaka kiuno kikagoma. Jasho lilimtiririka, suruali ikalowa oili magotini, na bado akajisemea kwamba wajinga ndio hawa, wanasimama tu wakimwangalia. Alikuwa kwenye kona ya mwisho Mama Gereji alipoingia jikoni kuchemsha chai. Alitoka na kopo la sabuni, tupu.

"Dokta," alisema taratibu. "Hiyo ng'ambo yako ni ng'ambo ya jiko langu?"

Sukari akapima umbali wa mlango. Lakini gari la wageni lilikuwa limeshasimama palepale mlangoni, na aliyetangulia kushuka alikuwa mzee mmoja mwenye kipara king'aavu. Kipara kile Sukari alikifahamu. Alikiuzia dawa ya kuotesha nywele, wakati bado zimebaki chache.

"Wewe," mgeni alisema, akimkodolea macho. "Sura yako si ngeni."

Mama Gereji akamtazama mgeni, akamtazama Sukari anayejificha nyuma ya brashi, akaelewa.

"Huyu? Ni mfagiaji wangu wa siku nyingi. Sivyo?"

"Mfagiaji tu, mkubwa," Sukari alinong'ona, kichwa chini.

"Kuna tapeli ninamtafuta," alisema mgeni. "Nikimpata, atanijua." Kisha akaitazama sakafu, uso ukalainika. "Lakini hapa ni pasafi, nimependa. Na kwenye shimo la kukagulia magari?"

"Anashuka sasa hivi," alisema Mama Gereji, akimkabidhi Sukari ndoo.

Akashuka, na suti yake. Akiwa amejikunja humo kwenye oili, alisikia vicheko juu yake, mikono ikipeanwa, gari likiondoka. Kisha kichwa cha Mama Gereji kikachungulia.

"Kazi tumepata. Kesho asubuhi uwe hapa, uvae nguo za kazi. Na usichelewe, dokta. Yule mwenye kipara ameniachia namba yake ya simu."

Sukari, aliyewahi kujinasua mikononi mwa polisi na wakwe kwa maneno matupu, alitafuta neno moja la kumwokoa.

"Nije na brashi yangu?" akauliza.