Picha Zangu na Baba Mkwe, Mwaka kwa Mwaka

Jumapili, 12 Januari 2025

Habari kubwa! Mama Dahabo, mama mkwe wangu, anakwenda Umra mwezi ujao. Wanawe wa kiume wako ng'ambo wote, nao ndio wanaolipia safari. Lakini hataki kusafiri bila maharimu, mwanamume wa karibu wa kufuatana naye. Waliobaki hapa Garissa ni wakwe wawili tu: mimi, na Sugow aliyemwoa Ramlo, dada ya mke wangu.

Sugow! Mtu anayepiga pasi hata kikoi cha kulalia.

Mama anakuja kutoka Balambala wiki hii. Kabla ya safari anataka kuziona picha za marehemu mumewe, Mzee Maalim, kwenye televisheni yetu, mwaka kwa mwaka, ili akimwombea kule awe amemjaza moyoni. Mke wangu Nasteha akasema hakuna mwenye picha nyingi kunishinda, maana simu haishuki usoni pangu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nimeshaona njia. Mama akiniona kila mwaka nimekaa ubavuni mwa Mzee, atapata wapi moyo wa kumchagua Sugow?

Jumatatu, 13 Januari

Nimefungua picha zangu. Ya Rabbi! Nilipobadilisha simu zilihama zote kwa pamoja na kupigwa tarehe moja. Kwa mujibu wa simu hii, nilioa, nikapata watoto wangu wote na kukimbia mafuriko ya Tana siku moja, kabla ya saa sita mchana.

Nusu ni maua ya salamu za Juma Mubarak. Nyingine ni mita ya maji. Nyingi ni kidole changu. Nimefuta mpaka mkono umekufa ganzi.

Nimempata Mzee hatimaye. Picha nzuri, nyingi tu. Tatizo: zote ni za siku moja, ile siku ya 2019 aliyopewa jina Hani, binti wa Sugow. Mzee kampakata Hani, na mimi nipo pembeni. Miaka mingine sikufika Balambala. Kulikuwa na joto. Kulikuwa na kazi. Barabara nayo mnaijua. Salamu nilituma.

Nimezitazama tena. Katika baadhi nimevaa koti, katika nyingine koti liko begani, katika nyingine sina koti. Mtu wa koti na mtu asiye na koti wanaweza kabisa kuwa wa miaka tofauti.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda kwa Abdille, fundi wa simu pale soko la Suqa Mugdi. Nikamwuliza, kwa njia ya mzaha, kama tarehe ya picha hubadilika. Akanionyesha kabla sijamaliza mzaha wangu. "Bicha itasema file unataka," akaniambia, yaani picha husema vile mtu atakavyo, akarudi kwenye kioo alichokuwa akikibandika.

Rahisi hivyo! Nimetembea kurudi nyumbani kama mtu aliyekwisha pata viza.

Alhamisi, 16 Januari

Kazi imekamilika. 2019, koti. 2020, bila koti. 2021, koti begani. Ya mwisho, nzuri kuliko zote, tunakunywa chai chini ya turubai: nimeipa Desemba 2022. Chini yake nimeandika, "Mzee akiniusia." Kwa kweli alikuwa ananiambia nimekalia bakora yake.

Nasteha kauliza mbona nimetulia hivi leo. Nikamwambia historia inataka utulivu.

Ijumaa, 17 Januari

Lazima niandike.

Tulikusanyika baada ya swala. Sambusa, halua, chai ya maziwa ya ngamia. Mama Dahabo kiti cha mbele. Ramlo na Sugow, kanzu imenyooshwa, na Hani wao ambaye siku hizi anasoma darasa la kwanza. Nikawasha.

2019. Mashallah, mashallah! Mama akafuta macho. Nikajiona niko Makka.

2020. Mashallah zikapungua. Ramlo akasogeza kiti mbele.

2021. Hani akauliza, kwa sauti ya watoto ambayo haijui kunong'ona, mbona yeye hakuwa akikua. Nikajibu haraka kwamba watoto wengine huanza polepole. Hani akasema na nguo je.

Ningezima pale. Mtu mwenye akili angezima pale. Nikabonyeza.

Desemba 2022. Mzee na mimi, vikombe mkononi.

Mama akaweka kikombe chake chini taratibu. Ndipo nami nikakumbuka. Mzee Maalim alifariki Ramadhani ya 2022, na Desemba ilikuwa mbele bado. Mimi nilikuwa mazishini! Nilitia udongo kwa mikono yangu! Kichwani nilikuwa nimeweka kwamba alifariki 2023, wala sikumwuliza mtu.

Mama akaniangalia.

"Alio," akasema, "alikuja kwako tu? Kwangu hakupita?"

Hakuna aliyecheka. Hata Sugow. Sugow akasema huenda ni kosa la simu, simu hizi hazina adabu. Alinitetea! Sugow! Nikaidaka haraka: naam, simu. Nasteha akauliza kama na hayo maneno ya "Mzee akiniusia" yameandikwa na simu.

Nikasema nakwenda kuangalia tangi la maji. Nimeliangalia mpaka magharibi.

Jumamosi, 18 Januari

Mama ameniita barazani. Nimekaa, macho kwenye mkeka.

Akasema hana hasira. Laiti angekuwa nayo! Akasema siku ile ya chai anaikumbuka. Mzee alicheka usiku kucha kwamba mkwe amekalia bakora yake, na yeye akaona haya kumwambia mara ya pili.

"Alikupenda," akasema. "Kila mwaka alikuwa akiuliza, Alio atakuja lini na simu yake atupige picha. Nikawa namwambia, ana kazi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisema, "Hooyo, mama yangu, nisamehe," na sauti ikatoka kama ya Hani.

Akaniomba nizirudishe zote kwenye siku yake, halafu ile ya chai nimsafishie kwenye karatasi, bila maandishi. Nimefanya hivyo mbele yake, moja moja, yeye akizitajia jina la Mungu. Siku moja tu. Miaka yangu yote ya ukwe imeenea kwenye siku moja, na yeye anashukuru kana kwamba ni mali.

Maharimu ni Sugow. Nilijua. Nimempongeza, akanishika mkono kwa mikono miwili. Afadhali angenipiga.

Nimeapa. Sitagusa tarehe ya picha tena maishani.

Jumatatu, 10 Februari

Wameondoka jana. Familia nzima ilipiga picha kando ya gari. Mimi simo. Nilipoona simu zinainuliwa aibu ilinishika, nikajibanza nyuma ya lango mpaka vumbi likatulia. Mama aliniulizia, wakasema nimekwenda msikitini.

Leo Ramlo ameiweka picha hiyo kwenye kundi la ukoo. Watu wa Masalani mpaka ng'ambo wanawaombea dua wote wanaoonekana. Nimeitazama sana. Kati ya Mama na Sugow pana nafasi. Si kubwa. Ya mtu mmoja wa kiasi changu.

Nimepita kwa Abdille. Anasema iko programu ya kumtia mtu kwenye picha.

Kiapo changu nimekishika: tarehe sijaigusa, ni ya jana kweli, na mimi jana nilikuwa pale kweli, nyuma ya lango. Huku ni kusogea mbele kidogo tu. Picha pekee niliyosimama wima ni ya Idi, nimebeba sinia la nyama. Abdille amejaribu kulitoa sinia, likatoka na mikono yangu. Nimemwambia aliache.

Nani ataangalia sinia?