Kopo la Baridi kwa Ajili ya Shangazi

Jumatatu, 6 Februari 1956

Neno limetoka Nyanga. Tata Lwakatare hana kinyongo nami, ila binti yake Kokugonza haposwi mpaka shangazi yake, Alistidia wa Ijumbi, akubali. Jumamosi nimfuate Shangazi kwa gari langu, nimlete Nyanga. Atanipima njiani. Kokugonza amenitonya kwamba Shangazi akipanda gari hulalamikia joto safari nzima. Protase, mpiga tarumbeta wa kanisani, naye anamtaka Kokugonza. Ana baiskeli tu. Maskini.

Mchana nimepita dukani kwa Mulji. Ana kopo refu la bati, aliachiwa na Mzungu aliyerudi kwao. Unalining'iniza dirishani, unatia maji. Gari likienda, upepo unapita kwenye nyuzi zilizolowa ndani yake na kuingia ndani ukiwa baridi. Mulji akanionya kuwa ni la nchi kavu, huku ziwani hewa yenyewe imejaa maji. Nikajua analitaka mwenyewe. Nimelinunua.

Jumanne, 7 Februari

Jaribio. Toka hapa kwetu Kitendaguro hadi ziwani na kurudi. Upepo vuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe. Kosa nimeliona: baridi inatoroka! Nimefunga vioo vingine vyote na kuziba nyufa kwa matambara.

Jumatano, 8 Februari

Mbaya zaidi. Nimeshuka shati limenigandia mgongoni. Mulji akasema hewa ikikosa pa kutokea haiingii, nifungue kioo cha upande wa pili. Eti nifungue dirisha ili baridi ikae ndani! Nikamshukuru kwa adabu. Duka limemchosha.

Nimebadilisha maji. Ya ziwa, ya mvua, ya chemchemi. Yale yale. Protase akapita na baiskeli yake, akauliza kama nachemsha maji ya kuoga.

Alhamisi, 9 Februari

Nimepata! Nimerudi shambani na kiu, Mama akanipa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kutoka kwenye kibuyu kilichokaa kivulini. Baridi mpaka meno yakasisimka. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale, maji yake ya moto. Basi ubaya uko kwenye maji. Lubisi ina baridi yake ya kuzaliwa. Mama akasema baridi ni ya kibuyu. Mama hajawahi kumiliki gari. Jumamosi kopo nitalijaza lubisi.

Jumamosi, 11 Februari

Nianzie wapi?

Shangazi Alistidia ameokoka. Tangu uamsho ulipofika Ijumbi hagusi pombe, wala haketi inaponywewa. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua. Ila niliona kunywa ni kitu kimoja na kupozwa ni kingine.

Akapanda na gauni jeupe la kanisani. Kilima cha kwanza, akavuta pua. Cha pili, akauliza ni nini kinachochacha. Nikasema ni dawa ya mashine. Mteremkoni ng'ombe wakakatiza, nikakanyaga breki, kopo lote likammwagikia kifuani. Akatoa leso, akajifuta. Mimi nikakaza macho barabarani hadi Nyanga.

Wazee wa kanisa walikuwa wamejipanga uani kumpokea kwa wimbo. Shangazi akashuka akinuka kilabu kizima. Tarumbeta ya Protase ikakatika katikati ya ubeti. Ndani, Tata akapitisha kahawa ya kutafuna, ishara ya kukaribishwa, kwa kila mgeni. Bakuli likaniruka, likaenda kwa Protase.

Nimelia njiani kurudi. Nampenda Kokugonza, na leo hakuniangalia hata mara moja.

Jumapili, 12 Februari

Kokugonza alinisubiri baada ya ibada. Kumbe hakuniangalia kwa sababu angecheka mbele ya wazee. Shangazi naye, akiisha kubadili gauni, alicheka mpaka akashikilia ukuta. Amesema Protase amempigia nyimbo nne bila kumwuliza hali yake. Lakini mtu aliyejitesa hivi kwa ajili ya joto la mwanamke mzee hatamwacha Kokugonza anyeshewe. Joto lenyewe linatokana na madereva wanaomfungia vioo kwa heshima, eti vumbi. Yeye anapenda upepo.

Amekubali! Jumamosi ijayo nije na wazee wangu kuposa. Sharti moja: gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, vioo wazi. Nimeapa mbele ya Kokugonza.

Ijumaa, 17 Februari

Kiapo nimekitimiza. Kopo nimemrudishia Mulji. Vioo viko wazi, vyote.

Lakini tunaondoka alfajiri, na alfajiri ya Kitendaguro si ya mchezo. Baba mdogo Rugambwa, msemaji wetu, ana kifua kibovu. Ataposaje akikohoa? Nimeweka jiko la mkaa chini ya kiti cha nyuma, nikalifunika kwa majani makavu ya migomba lisionekane. Kokugonza hana haja ya kujua.

Mama ameuliza kama majani hayatashika moto. Nimemtuliza. Upepo utakuwa mwingi.