Mapazia ya Mchesnati

Jumamosi, 14 Juni
Mke wangu ametoa hukumu kwenye chai. Mchesnati wangu, mti wa kizungu wa kokwa za kuchoma, umekalia tuta lake la nyanya miaka nenda rudi, na hajaona hata kokwa moja. Mwaka huu usipozaa, shoka! Nikamwambia mti si kuku, hautagi kwa amri. Akasema hata kuku asiyetaga anajua mwisho wake.

Roho ngumu! Mti ule niliupakata mwenyewe kutoka kitaluni, umefungwa gazeti kama mtoto mchanga. Sitauacha ufe. Na hatimaye umechanua! Tatizo ni kwamba wa jirani nao umechanua.

Jumanne, 17 Juni
Jirani ni daktari wa meno mstaafu. Anatabasamu mno. Mwenye nia safi hupumzisha midomo. Leo upepo ukavuma nikaona kwa macho yangu: vumbi la manjano linatoka kwenye mchesnati wake, linavuka ua, linatua kwenye maua yangu. Nimelinusa. Linanuka vibaya. Sumu, nini kingine?

Jumapili, 22 Juni
Mke wangu yuko kwa dada yake. Nimeshusha mapazia mepesi ya sebuleni, nimeyaunga kwa sindano, nimeufunika mti gubigubi. Nimeanguka kwenye ngazi. Si kitu. Nyuki wanazunguka nje wamenuna. Wajumbe wa jirani hao!

Jirani kachungulia, kauliza bibi harusi anaolewa lini. Kisha, kwa upole wa kutisha, akanishauri niufunue upate upepo. Angependa! Nimekaza kamba.

Jumatatu, 30 Juni
Mke amerudi. Nimemwambia mapazia yako kwa fundi cherehani. Akatazama dirisha, akatazama bustani. Nimelala njaa. Lakini maua yamemaliza kazi na maganda ya miiba yameanza kutokeza. Ushindi!

Jumamosi, 4 Oktoba
Maganda yamepasuka. Nimemwita mke wangu ashuhudie. Nikayafungua kwa mikono mitupu, kishujaa. Ndani kokwa bapa, ngozi tupu, nyama hakuna. Ganda la pili vilevile. Yote! Mke wangu akaenda stoo, nikasikia shoka likiburuzwa sakafuni.

Nimeibiwa! Tena kitaalamu. Nani awezaye kung'oa kitu kwenye kinywa kilichojaa miiba bila kuacha alama? Mtu aliyeshika koleo maisha yake yote!

Nimemwomba mke wangu asubiri hadi kesho. Amekubali, ila shoka limebaki mlangoni.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimemvamia jirani. Akanikalisha, akanichomoa miiba vidoleni kwa koleo. (Ushahidi!) Huku akichomoa akaeleza kwamba mchesnati hauzai peke yake. Lile vumbi ni chavua, na kokwa hujaa kwa chavua ya mti mwingine. Nilichofungia nje ndicho nilichokihitaji. Akanionyesha kikapu chake, nacho karibu kitupu. Hapa mtaani hakuna mchesnati mwingine ila wangu, na miaka yote hii alikuwa anausubiri uchanue.

Niliona haya. Haya ya kweli, hata masikio yalipata moto.

Kisha akaja nyumbani, akamsihi mke wangu, shemeji huku, shemeji kule, aupe mti mwaka mmoja zaidi. Amekubali, mradi nimlimie tuta jipya la nyanya na mapazia yarudi. Kidogo nimkumbatie yule mzee.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimelima. Mgongo hauna hali. Mapazia yamerudi sebuleni, yamechanika kidogo. Lakini nilipokuwa nimeinama na jembe, akili ikanifunguka. Nani humtetea jirani bure? Kama chavua yake inakuja kwangu, basi yangu inakwenda kwake! Ndiyo maana ya lile tabasamu. Miaka yote anamezea mate maua yangu, ajaze kikapu chake kwa jasho la mti wangu!

Mwakani ya kwake itaingia. Ya kwangu haitoki ng'o. Nitaufunika upande wa kwake tu.

Nimeshapima mapazia ya chumbani. Yale ni mazito zaidi.