Namba Moja Wawili Mowlem

Habari ilitufikia kwenye kibanda cha Nabwire kabla supu ya kichwa cha ng'ombe haijapakuliwa: kwenye kliniki ya meno hapa mtaani Mowlem, wamama wawili wamevutana wigi mlangoni, kila mmoja ameshika karatasi ya foleni iliyoandikwa namba moja.

Aliyeisoma kwenye simu yake ni Wahome, muuza viatu vya mitumba. Tunamwita Waziri kwa sababu hakuna jambo asilolitolea taarifa.

"Na si mwizi, si polisi," akasema. "Vita imeletwa na huyu hapa!"

Akamnyooshea kidole Kweyu, ambaye tunamwita Laptop. Yeye ndiye aliyeiandikia kliniki programu ya mashine za kutoa namba. Alikuwa ameinamia kompyuta yake kwenye benchi, macho mekundu.

"Niacheni, wasee. Daktari Lorine amenipea mpaka saa sita. Isipokuwa sawa, anaita msee mwingine."

Hiyo ndiyo kazi pekee aliyopata mwaka huu. Nilimhurumia sana, lakini kicheko kilinitoka kwanza.

"Kwani ulifunzwa kuhesabu wapi?" Ondiek akauliza. Huyu ni fundi wa magari, jina lake hapa kwenye base yetu ya supu ni Spana. "Mtoto wa nasari anajua baada ya moja ni mbili!"

"Si kuhesabu, Spana. Mlangoni kuna mashine mbili. Asubuhi mtu wa kwanza akifinya kitufe, mashine inauliza: foleni ya leo iko? Kama haiko, inaanzisha. Hiyo ni kazi ya mara moja tu. Sasa leo wamefinya pamoja. Zote mbili zimeuliza, zote zimeambiwa haiko, kila moja imeanzisha foleni yake."

"Weka kufuli basi! Moja ikianzisha, ingine ingoje nje."

"Nimeweka saa hii. Ya kwanza inafunga, inaanzisha, inafungua. Ya pili inangoja vizuri kabisa. Alafu inaingia, inaanzisha yake."

"Basi hiyo mashine ni mjinga," Waziri akatangaza. "Tena mjinga mwenye adabu."

Nabwire akapakua supu. Kwake kuna sheria moja: yeye hatii chumvi. Anayefika wa kwanza anaonja, ikiwa haina, anatia kijiko kimoja kwenye sufuria nzima. Kijiko cha chumvi ni kimoja tu, kimefungwa kwa kamba kwenye mkebe.

Nilipiga funda moja, machozi yakanitoka. Laptop akaitema chini. Hata ng'ombe aliyetoa hicho kichwa angekataa kujitambua.

"Nani ametia chumvi?" Nabwire akauliza, mikono kiunoni.

"Mimi," akasema Spana.

"Mimi," akasema Waziri, papo hapo.

"Ngai! Nyinyi wote?"

"Tulifika pamoja, mathe," Spana akajitetea. "Nikaonja, haina. Nikachukua kijiko."

"Na mimi nilionja, haina," Waziri akasema. "Lakini kijiko alikuwa nacho, ikabidi ningoje. Akimaliza, nikachukua, nikatia."

"Ulikuwa unangoja ukimwangalia akitia?"

"Nilikuwa kwa simu, nasoma hiyo maneno ya kliniki."

"Na kijiko kilipokufikia mkononi, mbona hukuonja tena?"

"Nionje tena ya nini? Si nilikuwa nimeonja!"

"Wewe Waziri, ulionja supu ya zamani! Ukishika kijiko, onja tena, ndio utie. Ukikuta iko na chumvi, rudisha kijiko ukae chini. Ni ngumu?"

Laptop alisimama ghafla hadi bakuli likamwagika.

"Mathe, sema tena!"

"Nimesema mnilipe supu yangu."

"Hapana, kuonja tena! Mashine yangu inauliza ikiwa nje ya kufuli, alafu ikiingia haiulizi tena! Inafaa iulize ikiwa ndani!"

Akaketi, akapiga vitufe kama anaua siafu. Mistari miwili tu. Saa sita kasoro robo akatukokota mimi, Spana na Waziri hadi kliniki, maana alihitaji watu wa kufinya kwa pamoja.

Daktari Lorine alikuwa mlangoni, glavu mkononi, hana tabasamu. Laptop akafuta foleni ya asubuhi. Akahesabu moja, mbili, tatu. Spana na Waziri wakafinya, kila mmoja mashine yake.

Spana akapata moja. Waziri akapata mbili.

"Hii mashine bado mbovu!" Waziri akafoka. "Mimi ndio nilifinya kwanza! Daktari, usilipe huyu kijana!"

"Nimekushinda, kubali," Spana akajipiga kifua. "Namba moja ni mimi, Mowlem nzima ijue!"

Laptop alinitazama kama mtu anayezama. Kwa hasira ningempiga Waziri na kiatu chake mwenyewe.

Daktari Lorine akafungua mlango wa ndani. Kiti kilikuwa kimelazwa, taa imewaka, koleo zimepangwa kwenye sinia.

"Sawa. Namba moja aingie, tung'oe."

Spana akachomeka karatasi yake polepole kwenye mfuko wa Waziri.

"Daktari, kusema ukweli, huyu ndiye alifinya kwanza."

Waziri akaitupa ile karatasi kama inaungua, akainua yake juu kwa mikono miwili.

"Mimi ni mbili, daktari! Mbili! Hiyo mashine haiwezi kukosea!"

Daktari Lorine akamgeukia Laptop, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Kazi ni yako."